Kamanda na Kujur: Usiku Pan's Labyrinth Iliingia Munuki

Kuna mtaa hapa Juba unaitwa Hai Cinema, na miaka yote nimekaa hii town sijawahi kucheki muvi huko hata moja. Jina ndio limebaki kwa mdomo ya watu wa boda. Muvi za wasee ka sisi ziko Munuki, Gudele, Custom, Konyo Konyo, ndani ya mabati: benchi za mbao, projekta ya Mchina, shuka nyeupe imepigiliwa misumari, na jenereta huko nje inakohoa ka mzae wa sigara. Wengine huita nadi. Mi huita kibanda, ju nilikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma nikamalizia ujana Nairobi, na Sheng ikishaingia kwa mdomo haitoki, hata uijazie Kiarabu cha Juba juu yake.

Siku za mpira hapo hakuna pa kuweka mguu. Na ile siku ya Julai 2024 Bright Stars, timu yetu ya basketi, walipigwa na Marekani 101 kwa 100 kule London, pointi moja tu wasee, niliona majamaa wazima wakikaa chini kwa vumbi wakishika kichwa ka wamefiwa. Lakini Jumamosi yenye ligi haichezi, mwenye kibanda huwa na shida. Mafuta ya jenereta si ya bure. Ye ni mtu wa Uganda, na stoo yake imejaa muvi za Kampala zenye VJ Jingo na VJ Junior wanabonga Kiganda juu ya kila risasi. Wateja wake wameziona mpaka wanaweza kuzitafsiri wakiwa wamelala.

Mi hufix simu Konyo Konyo, na kando ya hiyo hupakia watu muvi kwa flash. So akanipigia.

"Wamechoka na makomando," akasema. "Niletee kitu hawajaona."

Nikampelekea Pan's Labyrinth. Sikumchanua kwamba ni ya Kihispania. Hapo nakubali, nilicheza chini.

Kwa wenye hawajaiona: ni muvi ya Guillermo del Toro, Mmexico, ilitoka 2006. Stori iko Uhispania, 1944, miaka mitano baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kuisha huko, Franco ameshika nchi, lakini waasi bado wako msituni. Dem mdogo anaitwa Ofelia, babake fundi wa nguo amededi, mathake ameolewa na kapteni wa jeshi anaitwa Vidal na ako na ball yake. Wanahamia kambi ya huyo kapteni, mill moja ya kitambo huko milimani. Nyuma ya nyumba kuna maze ya mawe, na ndani ya hiyo maze kuna kiumbe cha pembe, nusu mbuzi nusu mti, kinamwambia Ofelia ye ni prinsesi wa nchi ya chini ya ardhi, na akitaka kurudi kwao lazima afanye kazi tatu kabla mwezi ujae. Hiyo ndio trela huonyesha watu. Trela huwa haionyeshi sana ile side ya kapteni.

Mwenye kibanda aliona picha ya dem mbele ya mti mkubwa, akachukua chaki akaandika kwa ubao wa nje: MTOTO NA JINI WA MSITU. Unajua kenye kilifanyika. Watoi walikuja ka siafu. Mama wa chai mwenye hukaa chini ya mwarobaini hapo kando alikuja na mjukuu wake, ka miaka nane hivi, akakaa benchi ya mbele kabisa, thermos miguuni. Nikiangalia hiyo benchi ya mbele nilianza kuskia jasho. Huko Marekani hii muvi ilipewa alama ya wakubwa, na bado kuna wazazi waliingia na watoto wakidhani ni ka ile ya simba na kabati. Si Juba pekee yake imewahi kudanganywa na poster.

Mtafsiri alikuwa beshte yangu wa Kakuma. Tulijulia muvi pamoja huko, tukiwa watoi, kwa skrini ya lori ya FilmAid: unabeba jerikeni yako kukalia, unatazama watu wakubwa wakicheka, unacheka pia. Baadaye Nairobi tukawa wafuasi wa DJ Afro, yule msimulizi wa muvi, so huyu morio anajua kazi. Anasimama kando ya projekta na maikrofoni, anasoma maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, anayatoa kwa Kiarabu cha Juba, na akichoka anateleza kwa Kiswahili. Nasikia del Toro alijiandikia hayo maandishi mwenyewe, ju ile muvi yake ingine ya Kihispania ilikuwa imetafsiriwa vibaya akachoma. Angekuwa Munuki hiyo usiku angelazwa. Dakika ya kumi, kapteni alikuwa ashakuwa "kamanda." Ofelia akawa "binti." Na yule kiumbe wa pembe, morio hakufikiria hata mara mbili. Akasema, "Huyu ni kujur."

Kibanda nzima ikasema aaah.

Na hapo ndio nilianza kuona hii muvi itaenda njia yake. Ju kujur hapa si neno la hadithi. Mlima wenye unaona ukisimama popote Juba unaitwa Jebel Kujur. Watu wanavunja mawe huko ya kujenga hoteli na bado hilo ndilo jina. Kujur ni yule mtu wa mizimu, wa mvua, wa laana, wa dawa, na kila kabila hapa iko na wake. Wabari wako na watu wao wa mvua kutoka kitambo. Wanuer wako na Ngundeng, nabii mwenye alifariki 1906, na utabiri wake ulibongwa mpaka kwa vita za juzi. Fimbo yake ilibebwa na Waingereza, ikakaa Uingereza miaka mingi, ikarudi Juba 2009 na watu wakaipokea ka mtu amerudi. So ukileta kiumbe cha pembe kwa shimo la mawe, Munuki haikuulizi ka ni ya ukweli. Inakuuliza ka ni mzuri ama ni mbaya, na anataka kulipwa nini.

"Anataka damu mwisho," mama mmoja wa nyuma akasema, ka mtu mwenye anajua bei ya soko. Hiyo ilikuwa dakika ya ishirini hivi. Na alikuwa right.

Sasa, ile chupa. Ka umeiona unajua nabonga nini. Wanajeshi wanaleta mzae na kijana wake usiku, wamewashika msituni. Kijana anasema walikuwa wanawinda sungura. Kapteni anachukua chupa na kuigonga kwa uso wa huyo kijana, tena na tena, bila hasira, ka mtu anapiga msumari, alafu anampiga mzae risasi. Ndio sasa anafungua begi yao, na sungura wako ndani. Anaambia watu wake wajifunze kupekua kabla ya kumsumbua.

Mi nilikuwa nimeicheki Nairobi, kejani kwa msee, na pale wote tulipiga nduru. Munuki hakuna mtu alipiga nduru. Mama wa chai alivuta lawa yake, ile nguo ya begani, akafunika mjukuu macho, haraka, bila kelele, ka amefanya hivyo kitambo. Kijana mmoja akacheka kidogo, kile kicheko cha kutafuta mwenzake, akakosa. Morio na maikrofoni yake akasahau kutafsiri, na hakuna mtu alimwambia atafsiri. Alafu mzae mmoja mwenye huuza makaa hapo Custom akasimama polepole, akapiga suruali vumbi, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Hii niliiona bure. Siwezi lipia."

Akatoka. Mwenye kibanda akamfuata nje kumrudishia doh. Nilishangaa, ju huyo mganda hajawahi rudishia mtu doh, hata siku jenereta ilizima kwa penalti.

Nikachungulia benchi ya mbele nikijua mama wa chai ndio anafuata. Hakuenda. Aligeuza tu mtoi akamlaza mapajani, uso nyuma, ye mwenyewe macho kwa skrini.

Kenye kilinishtua baadaye ni hiki. Wakosoaji wa nje wakiandika kuhusu hii muvi, huwa wanasema kuna sehemu mbili: ndoto na ukweli, mtoi anakimbilia ndoto ju ukweli umemshinda. Munuki hawakuona sehemu mbili. Waliona nyumba moja yenye kamanda ako juu na kujur ako chini, na mtoi katikati anatafuta nani atampea masharti nafuu. Na kamanda ndio walimjua vizuri zaidi. Wa pembe alikuwa mgeni kidogo, ka jirani wa Wau.

Zile vitu zilibamba si zile mi nilikuwa nangoja. Mkate, kwa mfano. Kuna mahali wanakijiji wamepiga foleni mbele ya stoo, wanajeshi wanagawa mkate, kila mtu na kadi yake ya resheni, na afisa anawahubiria vile serikali inawalisha. Ni kitu ya sekunde chache. Nairobi nilikuwa nimeipita nikitafuta popkoni. Hapa kibanda iliwaka! Wasee walicheka mpaka benchi ikahama. "Kadi! Kadi!" mtu akapiga kelele, na mwingine akainua mkono juu ameshika kitambulisho cha kazi ka anaionyesha kwa dirisha. Beshte yangu akaacha Kihispania kabisa akaanza kuitisha majina: family saizi saba, family saizi nne, wewe jina yako haiko kwa kompyuta, rudi Jumatatu.

Si tulikula hiyo maisha. Kakuma imekuwa hapo tangu 1992 na kuna watu wanajua namba ya kadi yao kushinda siku ya kuzaliwa. 2015 wakaleta Bamba Chakula, pesa ya msosi inaingia kwa simu, tukaona tumefika mbinguni, ju sasa angalau unachagua utadishi nini. Lakini foleni huwa haitoki kwa mwili. Na hii stoo ya kamanda, na ufunguo wake, hiyo ndio muvi yenye Munuki ilicheki. Mercedes, yule mama wa kazi, ako na ufunguo wa pili na anaibia waasi msosi na dawa, ju brathake ako huko msituni. Kufuli haikuvunjwa. Kapteni inamchukua muda kushika hiyo rada. Benchi ya tatu walishashika kitambo, wakaanza kumbembeleza Mercedes: ya mama, tupa hiyo ufunguo, tupa mtoni, utadedi.

Alafu yule jamaa wa macho kwa mikono.

Kwa wenye hawajui: kazi ya pili, Ofelia anachora mlango kwa ukuta na chaki, unafunguka, anaingia kwa ukumbi umejaa msosi. Kwa kichwa ya meza amekaa kitu nyeupe, ngozi imelegea ka shati ya marehemu, haina macho. Macho yako kwa sahani. Ikiamka inayaweka kwa viganja vya mikono na kuinua viganja kwa uso ndio ione. Aliyeivaa hiyo ngozi ni Doug Jones, Mmarekani, yeye huyohuyo ndio wa pembe pia, na alikuwa anaona njia kupitia matundu ya pua ya hiyo sura. Del Toro husimulia vile alikaa na Stephen King kwa onyesho moja, na hapo kwa hicho kitu nyeupe King akaanza kujinyonganyonga kwa kiti. Yaani babu wa kutisha watu ametishika.

Munuki walikufa na kicheko. Mtu wa boda akainua viganja vyake viwili kwa uso, akaita:

"Huyu ni wa rodiblok! Anaona na mkono!"

Kwisha. Kila mtu hapo ashawahi kusimamishwa usiku na mkono wenye unaona. Hata mama wa chai alicheka mpaka akapangusa macho na lawa.

Lakini Ofelia alikuwa ameambiwa asiguse msosi wa hiyo meza. Na anagusa. Zabibu mbili. Hapo kibanda ikagawanyika katikati, vijana upande huu, wamama upande ule, na muvi inaendelea hakuna mtu anaskiza.

"Si aliambiwa!" vijana. "Masharti ni masharti! Kujur alisema usile!"

"Alilala njaa," mama wa chai akasema.

"Nani?"

"Huyo mtoto. Mamake alimnyima chakula jana ju alichafua nguo. Nyinyi mlikuwa mnaangalia nini?"

Na ni ukweli. Iko kwenye muvi, Ofelia alienda kutoa ufunguo kwa tumbo la chura chini ya mti, akarudi nguo mpya imejaa matope, mathake akampeleka kulala bila sapa. Muvi nimeicheki mara tatu na hiyo hesabu sikuwa nimeifanya. Nilikuwa kila mara namlaumu huyo dem. Watu wengi wanamlaumu, ni moja ya vitu hubishaniwa sana kuhusu hii muvi, mbona akule, mbona awe mjinga hivyo. Ilichukua mtu mwenye amewahi lala na mtoto ana njaa ndio aikumbuke.

Kijana mmoja akajaribu tena, "Lakini wale wadogo wa mabawa walidedi ju yake." Hiyo pia ni ukweli, yule mweupe anang'ata vichwa vya wawili. Mama hakujibu. Alikuwa anaangalia kona ya huo ukumbi, penye kuna rundo la viatu vya watoto. Kamera inapita tu hapo. Binti mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Viatu vyote hivyo," na kicheko ikaisha. Binamu yangu alikuwa hapa vita ikianza Desemba 2013, tarehe 15 na zile siku zilifuata, akakimbia mpaka kambi ya UN House. Kitu cha kwanza huwa anataja ni sandali barabarani, moja moja, hazina jozi. Hakuwa hiyo usiku. Nilishukuru.

Nirudi kidogo 2006, ju kuna kitu hunichekesha kuhusu huo mwaka. Mei, muvi inafunguliwa Cannes, watu wamevaa masuti wanasimama kupiga makofi dakika 22. Julai ya mwaka huohuo, hapa Juba, mazungumzo ya amani kati ya gava ya Uganda na waasi wa LRA yanaanza. LRA wa Kony, mwenye watu wake waliamini roho zinamwelekeza. Na kabla yake kulikuwa na Alice Lakwena, 1986 na 1987, aliwapaka vijana mafuta ya moyao risasi zisiwaingie, akafika karibu na Jinja kabla ya kuchapwa, akakimbilia Kenya, akafia kambi ya Dadaab Januari 2007. Ukirudi nyuma zaidi unapata Kinjeketile na maji yake, 1905. So mtu akiniambia vita na mizimu kwa muvi moja ni wazo jipya la Mmexico, mi humwangalia tu. Mwenye kibanda anatoka side za kaskazini ya Uganda. Ile sehemu mathake Ofelia anawekewa mzizi wa mandrake kwa bakuli ya maziwa chini ya kitanda, mzizi unalia ka mtoi mchanga, na anaanza kupona, huyo buda alitikisa kichwa akasema polepole, "Eeh, wawache hapo hapo, wasiutoe." Wakautoa. Mzizi ukachomwa. Akafyonza meno na kutoka nje kuongeza mafuta.

Kuna muvi ingine ningetaka hiyo mbogi iione. Inaitwa Rebelle, ilipigwa Congo, ikatoka 2012. Dem anashikwa na waasi, ananyweshwa utomvu wa mti, anaanza kuona mizimu ya watu wamededi wakimwambia risasi zinatoka wapi, na kamanda anamfanya mchawi wake wa vita. Rachel Mwanza, mwenye alicheza hiyo role, alitolewa streets za Kinshasa, na mwaka huohuo akabeba tuzo ya mwigizaji bora wa kike Berlin. Mi naiweka juu ya Pan's Labyrinth, na niko tayari kupigana. Lakini sijaipeleka Munuki. Hiyo haina kapteni Mhispania wa kujificha nyuma yake.

Anyway. Robo ya mwisho mvua ikaja. Ka hujawahi kaa chini ya mabati Juba mvua ikishuka hujui kelele. Sauti ya muvi ikaisha kabisa. Morio akapanda juu ya benchi na kuanza kupiga mayowe ya tafsiri, na sina hakika nusu ya kenye alisema iko kwa muvi.

Kapteni amemfunga Mercedes anataka kumtesa. Hakumpekua vizuri, ju kwake huyo ni mwanamke wa jikoni tu. Mercedes ana kisu kidogo cha kukata mboga, amekificha kwa aproni. Anakata kamba, anamdunga, alafu anampasua shavu kutoka kwa mdomo. Wamama wa Munuki walisimama. Sidanganyi, walisimama wote na vigelegele ikashinda mvua. Alafu kapteni anakaa mbele ya kioo anajishona shavu na sindano na uzi, anakunywa pombe inapenya kwa bendeji, na hapo ndio vijana wakapata chao: "Mwanaume! Huyo ni mwanaume!" Mmoja akapiga saluti. Mi hiyo iliniuma. Saa moja tu hapo nyuma amevunja mtu uso na chupa, na mkishaona hajalia kwa sindano mnampea saluti? Nikamwambia beshte yangu awaambie. Akanijibu maikrofoni ikiwa wazi, "We ni mtafsiri?"

Mwisho: Ofelia ameingia kwa maze na kakake mchanga. Wa pembe anataka tone la damu ya huyo mtoi, kenye yule mama wa nyuma alisema. Ofelia anakataa. Kapteni anamfikia, anachukua mtoto, anampiga dem risasi. Nje waasi wanamngoja. Anajua imeisha, anawapea mtoto, anaomba kijana wake aambiwe babake alikufa saa ngapi. Mercedes anamkatalia, anamwambia huyu hatajua hata jina lake. Morio aliitoa hivi kwa Kiarabu: "Jina yako? Mafi." Neno moja. Hakuna. Mvua iliskika.

Na Ofelia anaamka kwa ukumbi wa dhahabu, mathe na babake wako kwa viti vya enzi, ama anakufa kwa mawe baridi. Unachagua.

Hakuna mtu alienda home. Mvua pia ilisaidia. Vijana wakasema amededi, kwisha, zile zingine ni ndoto ya mtu damu inaisha. Dem mmoja mwenye alikuja juzi kutoka Khartoum, alikimbia vita ya huko ya 2023, na hajaongea usiku wote, akauliza: "Na chaki?"

"Chaki gani?"

"Alifungiwa chumbani, askari mlangoni. Alitokaje? Kamanda alipata chaki kwa meza. Alichora mlango."

Kimya. Mtu akasema labda dirisha. Akasema hakuna dirisha alipita, askari alikuwa hapo. Wakarudisha muvi nyuma, mwenye kibanda akilia na mafuta yake, wakacheki hiyo sehemu mara mbili. Chaki iko. Sasa, del Toro mwenyewe amewahi kutaja hiyo chaki akisema kwake yeye nchi ya chini ni ya ukweli, lakini mi sikusema, ju dem alikuwa anashinda peke yake na haikuwa kazi yangu kumletea mlami wa kumshikia mkono. Vijana walihama wakaanza kuuliza ka huyo kujur ni wa kutegemewa. Hapo tulikaa mpaka mvua ikaisha.

Mjukuu wa mama wa chai alikuwa ameamka. Akauliza ka yule mtoi mchanga alipata maziwa. Mama akamwambia Mercedes anayo.

Jumatatu nikapita Munuki kuchukua flash yangu. Ubao ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya, herufi kubwa: KAMANDA NA KUJUR PATI 2, JUMAMOSI.

"Buda," nikamwambia, "hakuna pati 2."

"Wameulizia."

"Hakuna. Haikutengenezwa."

"Basi tafuta ingine inafanana."

Ukweli iko. The Devil's Backbone, ya 2001, del Toro huyohuyo, vita hiyohiyo. Nyumba ya mayatima, mzimu wa kijana, na bomu kubwa imesimama katikati ya uwanja, imeanguka haikulipuka, watoi wanacheza kando yake. Nikafikiria yale mawe mekundu na meupe watu wa kutegua mabomu hupanga kando ya barabara. Nikafikiria pia mzae wa makaa.

"Iko na watoto?" akauliza.

"Imejaa watoto."

"Poa. Mama wa chai ashalipa, ya watu wawili."